Kipi ni ugonjwa, kipi ni dawa

Mdogo wangu anaumwa skizofrenia, ugonjwa wa akili. Kwetu, njia ya Isyonje kwenda Tukuyu, ulipita muda mrefu kabla mtu hajaitamka sentensi hiyo. Wapo waliosema amesoma mno, wapo waliosema bangi, wapo waliomtaja jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, ninaishi Uyole, Mbeya, na kwa kuwa alikuwa anakaa kwangu yalipoanza, kadi yake ya kliniki ilibaki mikononi mwangu hadi leo.

Ninawaandikia ndugu wengine wanaotunza kadi kama hiyo. Ugonjwa huu na dawa zake vinagusa kemikali ileile ya ubongo, na mara nyingine dalili zake zinafanana kiasi kwamba familia inaulaumu ugonjwa kwa jambo lililoletwa na dawa, au inailaumu dawa kwa jambo la ugonjwa, au inamlaumu mgonjwa mwenyewe kwa yote mawili. Ukijua kinachotendeka, unajua umweleze nini daktari.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri kuitwa chuo. Uyole malori hayakatiki usiku na mchana, yanakwenda Tunduma na kuvuka Zambia. Akaanza kukaa barazani na daftari, anaandika namba za malori. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa, "Dada, hizi namba zinapangwa." Taa ya kushoto ikiwaka, ilimhusu. Honi ilimhusu. Dereva akitupa chupa ya maji dirishani, huo ni ujumbe. Baadaye redio nayo ikaanza kumsema. Mjomba alikaa naye jioni nzima akimwelewesha kwamba namba za magari hutolewa na serikali kwa mfuatano. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, basi hata serikali imo.

Chini ya ubongo, katikati, kuna seli zinazotengeneza dopamini na kuipeleka maeneo mengine. Wengi wameisikia ikitajwa kuwa kemikali ya raha. Kazi yake kubwa zaidi ni kuuambia ubongo kwamba hili ni muhimu, liangalie, usilisahau. Ni kama mwalimu anayepiga mstari mwekundu chini ya maneno yatakayotoka kwenye mtihani. Picha za skani zilizoanza kupigwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba ugonjwa unapochachamaa, dopamini hutengenezwa na kumwagwa kupita kiasi kwenye eneo la ndani liitwalo striatamu. Mstari mwekundu unapigwa chini ya kila neno. Mwaka 2003 daktari Shitij Kapur aliandika kwamba imani za ajabu za mgonjwa ni jitihada ya akili kueleza kwa nini kila kitu kimekuwa kizito hivyo. Kwa hiyo mabishano hayamtoi mtu huko. Hisia ya uzito imetangulia, maelezo yamefuata nyuma, na ukiyabomoa maelezo haya leo, kesho atakuwa na mengine.

Sauti zilikuja baadaye. Ni wanaume wawili. Wanamjadili kwa Kinyakyusa, na wakianza kumtukana wanahamia Kiswahili. Alikuwa anaziba masikio kwa pamba, na pamba haikusaidia kwa sababu hazitoki nje. Mwaka 1993 watafiti wa London waliwapiga picha wagonjwa wakati sauti zinasikika, wakakuta damu imeongezeka kwenye eneo la Broca, lile tunalolitumia kutengeneza maneno yetu wenyewe. Kwa kawaida, mtu anapotaka kusema au kutenda jambo, ubongo hujitaarifu mapema kwamba hiki kinachokuja ni changu. Ndiyo maana huwezi kujitekenya ukacheka. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore, Chris Frith na wenzao waliwapima wagonjwa wanaosikia sauti, wakaona kwamba wao waliuhisi mguso wa mkono wao wenyewe sawasawa na mguso wa mtu mwingine. Nilimsimulia mdogo wangu siku aliyokuwa ametulia. Akajitekenya kwapani, akacheka, akasema, "Mbona nasikia kidogo, dada?" Tangu hapo hatumwambii tena kwamba anajifanya. Anaposema anasikia, anasikia.

Dawa ya kwanza ya kweli ya ugonjwa huu ni klopromazini. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Henri Laborit, aliitumia kuwatuliza wagonjwa wake, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaanza kuwapa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Ilisaidia kabla haijajulikana inasaidiaje. Mwaka 1963 Arvid Carlsson wa Sweden na mwenzake Margit Lindqvist, wakifanya majaribio kwa panya, walitoa hoja kwamba dawa hizi huziba vipokezi, yaani vile vijisehemu juu ya seli vinavyoipokea kemikali. Katikati ya miaka ya 1970 maabara za Philip Seeman kule Toronto na Solomon Snyder kule Baltimore zikaonyesha jambo zuri sana: dawa inayoshika kwa nguvu zaidi kipokezi cha dopamini aina ya D2, ndiyo inayohitajika kidogo zaidi kwa siku. Mama aliona kidonge cha haloperidoli kilivyo kidogo akadhani wametupunja, maana mgonjwa wa jirani alikuwa anapewa klopromazini za mamia ya miligramu. Nilimweleza hilo la kushika. Alilielewa upesi kuliko wanafunzi wangu.

Shida ni kwamba vipokezi vya D2 haviko mahali pamoja. Hilo tulilijua kwa namna ambayo sitaisahau.

Ilikuwa Jumapili asubuhi kijijini, wiki ileile aliyoanza haloperidoli. Mama alikuwa anamenya ndizi. Shingo ya mdogo wangu ikaanza kuvutwa upande wa kushoto, taratibu, hadi kidevu kikagusa bega. Macho yakapanda juu yakabaki meupe. Taya ikakaza, ulimi ukatoka nje na kuwa mzito. Fahamu zake zote zilikuwepo. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anajaribu kusema "mama". Majirani wakajaa. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kukemea. Baba mdogo akasema, mmeona wenyewe sasa, dawa za hospitali zimemchokoza aliyemo. Tukampakia kwenye bodaboda, kaka mmoja kamshika kwa nyuma, hadi kituo cha afya. Mganga wa zamu hakuuliza habari za ukoo wala za shamba. Aliuliza, "Anatumia dawa gani?" Nikampa kadi. Akamchoma sindano, na haikupita nusu saa shingo ikarudi mahali pake. Tukapewa na vidonge vya benzeksoli vya kuendelea navyo.

Kilichotokea ni hiki. Njia nyingine ya dopamini inakwenda sehemu zinazoratibu misuli. Ni njia ileile inayokufa polepole kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, naye hukakamaa na kutetemeka. Haloperidoli inapoziba vipokezi vya huko ghafla, misuli hujikaza yenyewe, na vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi, hasa siku za mwanzo. Hakuna pepo ndani yake na mwili haujaikataa dawa moja kwa moja. Lakini familia isiyoambiwa mapema inaliona tukio kama lile mara moja tu na hairudi tena kliniki. Natamani kila anayeandikiwa haloperidoli aambiwe hilo kabla hajatoka mlangoni, na ndugu aliyemsindikiza aambiwe pia.

Sauti zilipopungua, miguu ikakataa kutulia. Alikuwa anatembea kwenye matuta ya viazi tangu asubuhi, anakwenda na kurudi. Mezani anakaa, anainuka, anakaa. Usiku tunasikia anakanyaga sakafu mahali pamoja. Nyumba nzima ikasema ugonjwa umerudi, mjomba akashauri tuombe dozi iongezwe. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kinachomtembeza ni wale watu au ni miguu yenyewe. "Ni miguu, dada. Nikikaa natamani kuivua ngozi." Hilo ndilo nililokwenda kulisema kliniki, kwa maneno yake hayohayo. Daktari alipunguza dozi, akaongeza propranololi, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya presha. Hali ile huletwa na dawa, na ingeongezwa dozi ingezidi. Ni mateso makali. Wapo wanaotamani kufa kwa ajili yake. Ndugu akikwambia hawezi kukaa, muulize kwa nini, na usimjibie.

Kwa nini basi dozi isiwe ndogo tu tangu mwanzo? Kapur yuleyule na wenzake, Toronto, mwaka 2000, waliwapiga picha wagonjwa waliokuwa wanaanza haloperidoli. Nafuu ilionekana zaidi pale dawa ilipoziba kiasi cha asilimia 65 ya vipokezi vya D2. Ilipopita 72, homoni ya prolaktini ilipanda. Ilipopita 78, madhara ya misuli na kutotulia yakaanza. Nafasi kati ya nafuu na mateso ni nyembamba hivyo, na daktari hana skani mezani. Ana maneno yetu tu. Tukienda na "anaendelea vizuri" au "bado anasumbua", tumemnyima kipimo pekee alichonacho.

Hiyo prolaktini niliijua kwa binti mmoja tuliyekutana naye kwenye benchi la kliniki, anatumia risperidoni, dawa nyingine ya ugonjwa huu. Hedhi zilikatika, maziwa yakaanza kutoka, mama mkwe akamsuta kwamba ana mimba ya nje. Dopamini ndiyo inayoizuia prolaktini isipande. Ukiizuia dopamini, prolaktini inapanda. Alikuwa hajamwambia daktari kwa aibu, na daktari alikuwa mwanamume. Tulimwomba nesi aingie naye. Walibadilisha dawa.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniumiza zaidi, ambayo haina kelele. Sauti zilipofifia, kila mtu alingoja mdogo wangu arudi. Hakurudi yule wa zamani. Anakaa kwenye benchi upande wa jua, mwezi wa sita na baridi yake, hanawi uso mpaka aambiwe, swali refu analijibu kwa neno moja, mpira aliokuwa anaupenda kufa hauulizii. Baba akasema huu sasa ni uvivu, amezoea kulishwa.

Hapa napo kuna ugonjwa na kuna dawa. Dawa ikizidi, uso hukauka na mwendo hupoa. Mimi humwangalia anapotembea. Mikono isipobembea, mate yakimdondoka, vidole vikitetemeka anaposhika kikombe, nayaandika kwenye daftari na kuyapeleka kliniki, maana hayo ni ya misuli. Lakini mikono inapobembea vizuri, anabeba ndoo bila shida, na bado hana hamu ya kitu chochote, huo kwa kawaida ni ugonjwa wenyewe. Huzuni pia inaweza kufanana hivyo, kwa hiyo huwa namuuliza anajisikiaje moyoni, kisha nasubiri jibu hata likichelewa.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotupa msukumo wa kuanza jambo, kupanga na kukumbuka kilichofuata. Inaelekea huko dopamini hupungua wakati kule ndani imezidi, na ndiyo maana dawa ya kuiziba haisaidii sana upande huu. Kuna kemikali nyingine pia, glutamati. Ketamini, ileile inayotumika kama dawa ya usingizi kwenye upasuaji, huziba kipokezi kimoja cha glutamati, na mtu mzima wa afya akipewa kidogo huweza kupata kwa muda mawazo ya ajabu pamoja na huo ubaridi wa hisia. Hapo watafiti wakaona kwamba dopamini peke yake haitoshi kueleza ugonjwa wote.

Halafu kuna jambo la umri, ambalo kama mwalimu linanigusa kila siku nikiingia darasani. Tangu balehe hadi miaka ya ishirini na kitu, ubongo hupunguza viunganishi kati ya seli, unabakiza vinavyotumika. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alipendekeza kwamba kwa wagonjwa wa skizofrenia upunguzaji huo unakwenda kombo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waligundua kwamba aina fulani za kinasaba cha C4, kinachohusika na kuviwekea alama viunganishi vya kuondolewa, huongeza hatari ya ugonjwa huu. Vijana wa kiume huugua zaidi kati ya mwisho wa miaka ya kumi na mwanzo wa ishirini, wanawake huchelewa kidogo. Huo ni wakati wa kidato cha sita, JKT na mwaka wa kwanza chuoni, wakati ambao kila mabadiliko ya kijana yanaitwa kiburi au bangi. Bangi nayo imo, sitaificha. Kuivuta mara kwa mara ukiwa kijana, hasa ile kali, huongeza hatari. Lakini wavutaji wengi hawaugui, na wagonjwa wengi hawakuvuta.

Hakuna kidonge kilichomrudishia mdogo wangu hamu yake. Kilichosaidia kidogo ni mbegu za viazi. Mama anamwaga gunia kwenye turubai, wanakaa wawili, anachagua vyenye ukubwa wa yai na macho yaliyoanza kuchipua, vilivyooza anatupa kwenye ndoo. Kazi ina mwanzo na mwisho vinavyoonekana, na hakuna anayemsimamia kwa sauti. Baba ni mkali kwa asili na hatukumtaka awe mtu mwingine. Tulikubaliana naye kwamba amri itolewe moja kwa wakati, na lawama zisitolewe mbele ya watu. Tangu miaka ya 1950 George Brown na wenzake, London, waliona kwamba wagonjwa wanaorudi kwenye nyumba zenye lawama na ukali mwingi huugua tena zaidi ya wengine. Baba alipenda kusikia kwamba hata Wazungu walilazimika kulichunguza hilo.

Kuacha dawa ni hadithi inayojulikana kwa kila familia, sitaipitia yote. Alisema haumwi, akaacha, malori yakarudi. Kukana ugonjwa ni sehemu ya ugonjwa, kwa wagonjwa wengi; inaelekea sehemu ya ubongo inayopaswa kutambua kasoro ndiyo yenye kasoro. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wagonjwa waliopona shambulio la kwanza: ndani ya miaka 5, asilimia 82 walikuwa wameugua tena, na kuacha dawa kuliongeza hatari karibu mara 5. Niliwasomea wazazi tarakimu hizo. Yeye nilimuuliza tu ni kitu gani kinamchosha zaidi, akasema ni mama kumuuliza "umemeza?" kila jioni. Ndipo akakubali sindano ya mwezi, flufenazini iliyoyeyushwa kwenye mafuta, inakaa kwenye msuli na kutoka kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Mama aliacha kuuliza. Jioni zikawa za kuongea mambo mengine.

Mama alikuwa na swali lake ambalo hakulitoa mbele ya baba: amekosa wapi. Shangazi yake alikufa akiwa anazurura njiani. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu una urithi, lakini haurithiwi kama rangi ya macho. Hakuna kinasaba kimoja. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulitaja maeneo 287 ya vinasaba, kila moja likichangia kidogo sana. Hata pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake huweza asiugue, na zaidi ya nusu hawaugui. Kwa sisi ndugu wa kawaida, hatari ni karibu mmoja kati ya kumi. Alisikiliza, akauliza kama jirani yetu wa mpakani basi hakuhusika. Nikamwambia hahusiki. Wiki iliyofuata alimpelekea parachichi.

Wale wanaume wawili hawajaondoka kabisa. Tumejaribu dawa za aina mbili kwa dozi kamili na muda wa kutosha, na daktari ameanza kutaja klozapini. Mwaka 1988 utafiti ulioongozwa na John Kane ulionyesha kwamba inawasaidia baadhi ya wale walioshindikana kwa dawa nyingine, na haikazi misuli kama haloperidoli kwa kuwa inashika D2 kwa wepesi. Hatari yake ni kwamba kwa watu wachache hushusha chembe nyeupe za damu hadi maambukizi madogo yakaweza kuua. Hilo lilionekana Ufini mwaka 1975. Kwa hiyo damu lazima ipimwe, na kule Uingereza hupimwa kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Daktari anataka kwanza ahakikishe dawa na kipimo vitapatikana bila kukatika. Mdogo wangu naye anavuta sigara, na moshi wa sigara hulifanya ini liisafishe klozapini haraka, kwa hiyo akiacha au akiongeza sigara dozi itabidi iangaliwe upya. Hilo nimeliandika kwenye daftari niliulize. Nimemuuliza mwenyewe kama yuko tayari kuchomwa sindano za damu mara nyingi hivyo. Amesema atajaribu, ila asafiri na mimi, na viazi vikishavunwa atahamia Uyole, chumba cha nyuma, kisichotazama barabara.